Mzigo wa Kabati Ushuke Sakafuni

Makabati mengi ya nguo ya kufunga mwenyewe yanayouzwa Marekani yanategemea kitu ambacho Mbulu hakipo: ukuta wenye nguzo za mbao ndani yake. Nyumba nyingi za huko husimamishwa kwa fremu ya mbao, nguzo hadi nguzo sentimita 40 hivi, kisha hufunikwa kwa jipsamu. Mfungaji anazitafuta nguzo, anakaza reli ya chuma juu, na rafu zote zinaning'inia kwenye reli hiyo. Ukitazama video yake kwenye simu ukiwa Dongobesh au Endasak, unaona kazi ya asubuhi moja.

Mimi na mdogo wangu tulipoamua kufunga kabati la namna hiyo katika nyumba ya familia, upande wa Dongobesh, ukuta ndio uliotuamulia karibu kila kitu. Ni nyumba ya tofali za kuchoma, kama zilivyo nyingi za Mbulu na Hanang. Tofali za tanuri la shambani haziivi sawasawa. Zilizokaa karibu na moto huwa ngumu, za pembeni hubaki laini. Tena hizi zimeunganishwa kwa udongo, saruji imekuja kwenye lipu tu. Ukigonga kwa kidole unasikia ugumu, lakini keekee ikishapita lipu unaanza kumwagika unga mwekundu, na plagi ya plastiki inazunguka ndani ya tundu bila kushika. Hata ikishika, kitu kinachoning'inia mbele ya ukuta huivuta skrubu ya juu kila siku, na blanketi moja likiongezwa huivuta zaidi.

Kwa hiyo tuligeuza mpango. Mzigo wote unashuka sakafuni kupitia nguzo, na ukuta una kazi moja tu, kuzuia kabati lisiangukie mbele. Nyumba za kale za Wairaqw, zilizochimbwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa kwa udongo, zilibebwa hivyo hivyo: paa zito liliwekwa juu ya nguzo za miti. Sisi tulikaza mkanda mmoja wa mbao ya 2x3 ukutani, kimo cha kifua, kwa skrubu ndefu zilizosambazwa kwenye tofali nyingi, tukakwepa maungio ya udongo. Nguzo zikafungwa kwenye mkanda huo. Tofali moja ikilegea, nyingine zinashika.

Sehemu tuliyokuwa nayo ilikuwa na upana wa mita 1.8. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa kuweka ubao mmoja kutoka ukuta hadi ukuta ili kuokoa nguzo ya kati. Ubao wa rafu haupindi kwa kadiri ya urefu wake. Unapinda kwa kasi kubwa zaidi. Ukiugawa urefu mara mbili kwa nguzo ya katikati, kila nusu ikabeba nusu ya nguo, kupinda kunapungua mara 16. Unene nao una nguvu yake: ubao wenye unene maradufu, kwa mzigo uleule, hupinda mara 8 pungufu. Lakini unene unalipiwa kwa kila futi, na nguzo moja ya ziada ni rahisi. Kwa mbao za inchi 1, mimi sipitishi sentimita 90 kati ya nguzo na nguzo, na bodi za unga wa mbao, ambazo hulegea zaidi, ningezifupisha hadi 60.

Mbao zetu zilikuwa za saiprasi, 1x8. Saiprasi mbichi iliyotoka msumenoni ina maji mengi, nayo inapokauka inapungua kwa upana, urefu ukibaki karibu vilevile. Ubao wa sentimita 20 unaweza kupoteza milimita 5 hivi. Ukizibana mbao mbili kwa gundi na misumari zikiwa mbichi, zitapasuka au kupinda kama kigae. Dawa ni kuzipanga ndani ya nyumba kwa vijiti katikati, juu zimewekewa uzito, na kuziacha wiki kadhaa kabla ya randa. Hata baada ya hapo tuliacha mwanya mdogo kati ya ubao na ubao. Mbao mbili za 1x8 zinatoa rafu ya sentimita 40, kina kinachotosha kabisa nguo za kukunja, na ule mwanya unapitisha hewa.

Kitu cha kuchukua kutoka kwa Wazungu bila kusita ni rafu zinazohama. Viwanda vya Ulaya hutoboa matundu kwa safu, kila milimita 32, ili rafu ipandishwe au kushushwa. Nyumbani hakuna haja ya usahihi huo. Tulitoboa kipande cha ubao kila sentimita 5, kikawa kigezo, tukakiegemeza kwenye kila nguzo kuanzia chini na kutoboa kwa kukifuata. Sakafu ya saruji huwa na mteremko, hivyo miguu ilisawazishwa kwanza kwa kabari na pima maji. Bila hivyo matundu ya nguzo hii hayakutani na ya ile. Pini ni vipande vya nondo laini ya milimita 6 vilivyokatwa kwa msumeno wa chuma.

Upande mmoja una mabomba mawili ya maji ya robo tatu, moja kwenye mita 2 na jingine kwenye mita 1, ya kuning'inizia mashati, sketi na makoti. Nguzo zake zina upana wa mbao tatu, kwa kuwa hanga inataka kina cha sentimita 60. Upande wa pili ni rafu tupu. Wanaoiga picha za ng'ambo hujaza mabomba, ilhali mali ya nyumba za huku ni ya kukunja: mashuka, vitenge, khanga, mablanketi ya baridi ya Juni na Julai. Mablanketi yakae rafu ya chini, ambako uzito unalituliza kabati.

Nyuma tuliacha sentimita 5 kati ya rafu na ukuta, na chini sentimita 15 juu ya sakafu. Ukungu wa Mbulu huingia mpaka kwenye nguo, na ukuta usiozuiliwa unyevu kwenye msingi huupandisha. Huo uwazi wa chini unaonyesha pia njia ya mchwa mapema. Oili chafu wanayopaka watu kuzuia mchwa isifike ndani ya kabati, kwa sababu harufu yake haitoki kwenye nguo. Vanishi inatosha, na inazuia utomvu usitie mashati madoa.

Kateshi na nyanda za Basotu hali ni nyingine. Huko kiangazi ni upepo na vumbi, kwa hiyo mbele pawekwe pazia zito linalofika sakafuni, lifuliwe mara kwa mara. Mbulu pia tulichagua pazia, jepesi, kwa sababu milango ya mbao ingefunga ile hewa tuliyoiachia nafasi. Kiangazi cha kwanza kikiisha, skrubu zote zikazwe upya, maana mbao zitakuwa zimenywea.