Kuchanika au Kubanduka? Istilahi Moja ya Jicho la Mja Mzito

Miongoni mwa istilahi za tiba zilizoletwa mezani petu ili zikaguliwe imo hii: "kuchanika kwa retina", itumike katika kijitabu cha waja wazito. Ni fupi, inatamkika, na kila mtu anaifahamu. Hata hivyo, kwa maoni yetu haifai, kwani inataja jambo ambalo huenda halikutokea.

Retina ni utando mwembamba uliotandazwa ndani ya ukuta wa nyuma wa jicho, nao ndio upokeao mwanga. Utando huu waweza kuachana na ukuta wake kwa njia zaidi ya moja. Iko njia ya tundu: utando huchanika, majimaji ya ndani ya jicho yakapenya na kuusukuma. Hapo mpasuaji wa macho anahitajika upesi, na ujauzito si sababu ya kungoja. Lakini kwa mama mwenye shinikizo kali la damu litokanalo na mimba, au kifafa cha mimba, hali huwa nyingine: mishipa iliyo nyuma ya retina huvuja, majimaji yakakusanyika chini ya utando ulio mzima. Hapana tundu la kuziba. Tiba ni kuteremsha shinikizo, kumkinga mama na degedege kwa magnesiamu salfeti, na kumzalisha wakati ufaao. Baada ya kujifungua, retina aghalabu hurudi mahali pake yenyewe katika majuma machache.

Basi mama huyu akiambiwa kuwa retina yake imechanika, atatafuta chumba cha upasuaji wa macho, ilhali hatari iliyo kubwa zaidi, kwake na kwa mtoto, imo katika shinikizo la damu yake.

Tunapendekeza "kubanduka kwa retina" liwe jina la jumla. Lipu ya ukuta wenye unyevu hubanduka bila kuchanika. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa hilo. Chini yake ziwepo "kubanduka kwa tundu" na "kubanduka kwa majimaji", na daktari aliyelichungulia jicho ndiye atakayeamua ni ipi. Tahadhari moja: kondo la nyuma nalo hubanduka, tena katika ugonjwa uo huo wa shinikizo, kwa hiyo kiungo kitajwe daima.

Istilahi ya tiba haipimwi kwa wepesi wa kutamkika tu, bali pia kwa mlango inaomwelekeza mgonjwa.