Kazi Inayokubali Kukatizwa

Ndoo ilikuwa nyeupe, ya lita 10, mfuniko wake umezungushiwa gundi ya karatasi mara tatu. Juu yake yaliandikwa kwa wino mzito jina la mwanafunzi, namba mbili za simu na neno moja: JUU. Konda aliipokea stendi ya Mbulu kabla jua halijachomoza, akaitikisa kidogo kama anayepima nazi.

"Shikamoo mama. Kuna cha kumwagika humu?"

"Marahaba mwanangu. Kipo, ila hakimwagiki."

Jibu hilo la shangazi yangu ndilo ninalotaka kulichambua. Ndani ya ndoo mlikuwa na sweta alilolifuma mwenyewe, samli, asali, karanga za kukaanga, unga wa ulezi na vitunguu saumu vya Mbulu. Vyote vilikuwa vinakwenda Arusha kwa mjukuu wake wa kidato cha kwanza, anayelala bweni. Maandalizi yalichukua wiki sita na ushee. Katika wiki hizo hizo shangazi alivuna maharage, alikamua ng'ombe wawili asubuhi na jioni, alikaa misiba miwili na kumpeleka jirani hospitali Haydom. Alipataje muda?

Watu hudhani mwenye kazi za mikono ana nafasi nyingi. Nimekaa naye nikihesabu, na nafasi nyingi sikuiona. Nilichoona ni kwamba anajua kila kazi inataka muda wa umbo gani, na hajaribu kuchomeka kazi ndefu kwenye muda mfupi.

Kitanzi kimoja, vitanzi 96

Shangazi ana kazi mbili za uzi, na kwa macho ya mgeni zinafanana. Moja ni kufuma vitambaa vya makochi kwa sindano ya ndoano. Nyingine ni kufuma sweta kwa sindano mbili ndefu. Tofauti yake inaonekana pale unapoitwa ghafla.

Kwenye sindano ya ndoano, kitanzi kilicho hai ni kimoja tu. Vingine vyote vimeshafungwa na wenzao. Mtoto akivuta sindano, kuku akiruka juu ya mapaja, zamu yako ikiitwa, unapoteza kitanzi hicho kimoja au viwili, basi. Unachomeka upya na kuendelea. Ndiyo maana kitambaa cha kochi hukaa kwenye mkoba wake wa kitenge na hutoka popote pale: mashine ya kusaga, foleni ya zahanati, kikao cha kikoba kinapomsubiri mweka hazina.

Kwenye sindano mbili hali ni nyingine. Mgongo wa sweta lile ulianzia vitanzi 96, na vyote 96 viko hai kwa wakati mmoja, vimepangana kwenye chuma kama ndege kwenye waya. Sindano ikichomoka, vinaanza kushuka ngazi kwa ngazi, na anayevirudisha ni mwenye subira na taa nzuri. Kazi hii haibebwi sokoni. Hufanyika usiku, vyombo vikishaoshwa na watoto wakilala, kwa dakika 40 hivi kabla usingizi haujamzidi.

Sasa tupige hesabu. Shangazi hufuma vitanzi kama 30 kwa dakika. Safu moja ya vitanzi 96 ni dakika tatu na kidogo. Mgongo ulikuwa na safu 180, yaani vitanzi zaidi ya 17,000, karibu saa kumi za kazi. Ongeza kifua, mikono miwili na kuunganisha, unafika saa 30. Kwa dakika 40 kila usiku, hizo ni siku 45. Wiki sita na ushee, kama nilivyosema.

Siri ya kufika mwisho iko kwenye zile dakika tatu. Shangazi haachi kazi katikati ya safu, hata akiitwa mara mbili. Humaliza safu, kisha huchomeka kipande cha gunzi kwenye ncha ya sindano ili vitanzi visitoroke. Halafu hutumbukiza punje moja ya harage kwenye kikopo cha dawa ya meno kilichokatwa. Punje moja ni safu moja. Zikifika kumi, huzitoa na kuweka harage jekundu moja mahali pake. Kwa hiyo akirudi baada ya siku tatu za msiba hahitaji kukumbuka chochote, kwa kuwa kikopo kimemkumbukia.

Usiku mmoja kikopo kilipinduka, na mjukuu mdogo akazirudisha punje kwa ukarimu, nyingi kuliko zilivyokuwa. Ilibidi kuhesabu safu kwa kidole, kuanzia pindo la chini. Tangu hapo kikopo kina mfuniko.

Uzi unatoka mnadani

Msomaji wa mjini atauliza: kwa nini ujitese, wakati sweta la mtumba linauzwa mnadani kwa bei ya chakula cha mchana? Swali ni halali. Na kweli, Mbulu bila sweta haikaliki kati ya Juni na Agosti, na wengi huvaa ya mtumba.

Shangazi naye hununua la mtumba, kisha hulifumua. Hapo ndipo jicho lake linapolipwa. Akishika sweta hulipindua kwanza, aangalie mshono wa ubavuni. Kama vipande vilifumwa kila kimoja kwa umbo lake kisha vikashonwa, uzi utatoka mrefu, safu baada ya safu, hadi mwisho. Kama vilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye kitambaa kikubwa na kuzungushiwa uzi ukingoni, kila safu imeshakatika, na ukifumua utapata mlima wa vipande vya urefu wa mkono. Sweta hilo hulirudisha kwenye rundo bila neno.

Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunja kama nywele zilizofumuliwa mabutu. Ukiufuma hivyo hivyo, vitanzi havitalingana. Huuzungusha kwenye mgongo wa kiti, huufunga sehemu nne usichanganyikane, huufua kwa maji ya uvuguvugu, kisha huuanika na chupa ya maji imening'inizwa chini yake. Uzito wa chupa na unyevu hunyoosha mikunjo. Siku ya pili ni uzi tena.

Hata hii ni kazi inayogawanyika: kununua siku ya mnada, kufumua jioni ya mazungumzo, kufua siku ya kufua, kuanika kwa jua lisilodai malipo. Hakuna hatua inayoidai siku nzima.

Sketi iliyodai miezi

Nchi hii ya Mbulu iliwahi kuwa na ufundi uliodai muda wa umbo jingine kabisa. Wanawake wa Kiiraqw walishona sketi za ngozi zilizotiwa shanga ndogo za kioo, mistari na maumbo yakizunguka pindo kwa mpangilio ambao ukikosea shanga moja mapema, kosa hulifuata pindo lote. Leo ukitaka kuziona zile kongwe, nyingi zimo kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Sketi hizo zilifungamana na marmo, desturi ya unyago ambapo wasichana walitengwa pamoja kwa miezi mingi, wakifundwa na wanawake wakubwa. Katika kutengwa huko ndipo shanga ziliposhonwa. Hakuna aliyemwita msichana wa marmo akachote maji. Muda wake ulikuwa mzima, umezungushiwa ua.

Marmo ilikoma wakati wa utawala wa Mwingereza. Sababu za sketi kupungua ni nyingi, na wengine wameshazieleza: dini, shule, vitambaa vya dukani. Naongeza ya kiufundi. Ua ulipoondoka, muda mzima uliondoka nao. Kushona shanga kwenye ngozi hakuna kitanzi kimoja kilicho hai wala safu ya dakika tatu. Kuna hesabu ndefu kichwani, ngozi inayotaka kulainishwa ishoneke, na shanga zinazomwagika kitoto kikipita. Mwanamke wa leo ana ujuzi ule ule wa mikono, ila siku yake imekatwa vipande. Ufundi uliobaki nyumbani ni ule unaokubali kukatizwa.

Sisemi hili kwa kulilia marmo. Nalisema kwa sababu miradi ya kufufua kazi za asili huanzia kwenye malighafi na soko, na swali la nani atampa mwanamke miezi sita isiyo na kuni wala maji husahaulika.

Ndoo na fizikia yake

Turudi stendi. Kifurushi nacho hakifungwi siku moja. Kina rafu yake nyumbani, juu ya kabati la vyombo, na kinakua kwa msimu. Ulezi ulikwenda mashine pamoja na mahindi ya nyumbani, ili safari iwe moja. Karanga zilikaangwa siku moto ulipokuwa umeshawashwa kwa ajili ya wageni. Samli ilikusanywa kijiko kwa kijiko. Asali ilisubiri mpita njia mwenye asali.

Kwa nini ndoo badala ya boksi? Kwanza, mizigo mingine itapangwa juu yake, na boksi litalala. Pili, vumbi la barabara huingia kwenye boksi kupitia kila kona. Tatu, ndoo ikifika bweni ni ya kufulia.

Kiini cha fumbo ni samli. Asubuhi ya Mbulu samli imeganda, unaweza kuipindua isitoke. Basi linapita Karatu, linateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu, na huko chini joto ni jingine. Samli iliyopanda ikiwa jiwe sasa ni mafuta, nayo mafuta hutafuta upenyo. Wanaotuma kwa mara ya kwanza hudanganywa na ubaridi wa nyumbani: hujaza kopo hadi ukingoni, hubana mfuniko, na mtoto hupokea unga wa ulezi uliokwisha kukandwa njiani.

Shangazi huacha nafasi ya vidole viwili juu ya samli, huweka kipande cha plastiki kabla ya kufunga mfuniko wa kuzungusha, na kopo husimama katikati ya ndoo, limebanwa na unga upande mmoja na karanga upande wa pili. Chupa ya asali imevikwa mkono wa sweta, na kifua cha sweta kimezunguka kopo la samli. Sweta la kumkinga mtoto na baridi lilianza kazi mapema kwa kukinga chupa. Vitunguu saumu vimefungwa peke yao na kuwekwa juu kabisa, maana karanga hupokea harufu haraka. Hilo ndilo linalolindwa na neno JUU.

Basi likishaondoka, hupiga simu moja: "Mzigo umepanda." Namba ya konda hutumwa, na kazi imehamia mikononi mwa mtu mwingine.

Kifurushi kisichomjua mpokeaji

Si kila kifurushi hufungwa na mtu anayemjua mpokeaji. Shirika la Marekani la CARE, lililoanzishwa mwaka 1945, lilipeleka maboksi yake ya kwanza kwenye bandari ya Le Havre, Ufaransa, Mei 1946. Yalikuwa masalia ya chakula cha jeshi, kila boksi likiwa limepangwa kulisha askari kumi kwa siku moja, na Mmarekani alilipa dola 10 kumtumia ndugu au rafiki Ulaya. Yaliokoa watu, ila yalipangwa kwa ajili ya askari, siyo bibi mwenye wajukuu. Baadaye yakaongezwa ya mablanketi, ya vitambaa vya sufu, ya uzi na sindano. Polepole boksi lilianza kumfahamu aliyelipokea.

Wilaya ya Hanang ilijifunza somo hilo kwa uchungu tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa ilipoporomosha ubavu wa Mlima Hanang, na tope, mawe na magogo yakashuka hadi Katesh na vijiji jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki. Michango ilitoka kila pembe ya nchi. Nguo ndicho kitu rahisi kutoa, kwani kila nyumba ina za ziada. Lakini aliyezolewa nyumba na tope amepoteza pia sufuria, kibiriti, kisu, kopo la chumvi. Shangazi alijaza ndoo moja ya vitu vya jikoni, akaweka kibiriti ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Nilimwuliza kwa nini hakuweka vitambaa vyake. Akasema, "Kochi liko wapi?"

Nimetafuta kanuni ya kufunga kifurushi iliyo bora kuliko hii, sijaipata. Unamfikiria mtu anapofungua, dakika ya kwanza, anahitaji nini mkononi.

Hesabu isiyokaa sawa

Nisipambe. Saa 30 za sweta, ukizilipa hata kwa kibarua cha shambani, zinanunua masweta kadhaa ya mtumba. Na zile dakika 40 za usiku zinakatwa kwenye usingizi wa mwanamke aliyeamka kabla ya jogoo. Hakuna mwanaume nyumbani aliyepunguziwa usingizi wake. Anayesifia kazi za mikono bila kutaja hilo amehesabu vitanzi akaacha macho.

Nilimwambia shangazi hesabu hiyo. Alinisikiliza hadi mwisho wa safu, akachomeka gunzi. "Wewe umehesabu sweta," alisema. "Mimi usiku bila kitu mkononi nawaza tu."

Baada ya wiki mbili ndoo ilirudi kwa basi lile lile. Kwetu chombo hakirudishwi kitupu, na mtoto wa bweni hana cha kuweka. Alikuwa ameweka sweta kuukuu alilopewa na mwenzake, limechanika kiwiko, rangi ya bluu iliyopauka. Shangazi hakuangalia kiwiko. Alilipindua, akasogeza taa, akatazama mshono wa ubavuni.