Ufundi wa Kugawa Kundi la Nyuki

Kugawa kundi la nyuki, yaani kuhamishia sehemu ya masega pamoja na nyuki wake katika mzinga mtupu ili kundi moja liwe mawili, ni kazi inayodai subira kuliko nguvu. Katika misitu ya miombo ya Tabora, ambako mizinga ya magome na ya magogo imetundikwa mitini tangu zamani, mfugaji aliandaa mzinga akangoja nyuki wahamie wenyewe. Ilipokuja mizinga ya viunza, yaani vipande vya mbao ambavyo kila kimoja hubeba sega lake, ndipo mkono wa mtu ulipoweza kutenda kwa makusudi jambo ambalo nyuki hulitenda kwa majira yao.

Ustadi wenyewe umo katika jicho. Mfugaji husimama jua likiwa mgongoni, akaliinamisha sega mpaka mwanga uingie ndani ya vijumba vya nta, akatafuta mayai, membamba mfano wa kipande cha uzi mweupe, ambayo husimama wima siku ya kwanza na kulala siku ya tatu. Hayo ndiyo tumaini la nusu itakayobaki bila malkia, kwa kuwa nyuki huchagua majana, yaani watoto wao walio kama funza, ambayo hayajatimiza siku tatu tangu kuanguliwa, wakayalisha maziwa yao na kuyajengea vijumba virefu vinavyoning'inia kama maganda ya karanga. Malkia mpya hutoka yapata siku ya 16 tangu yai kutagwa, akaruka kwenda kukutana na madume angani, kisha akarudi kutaga. Na katika muda huo wote mfugaji stadi haufungui mzinga ovyo.

Inasikitisha, basi, kwamba wapo warina asali wanaoingia usiku na mienge ya moto, wakang'oa masega yote bila kutenga ya asali na ya majana. Wahenga waliosema mfuata nyuki hakosi asali walitanguliza kufuata, na kufuata ni kumjua nyuki kabla ya kumdai chochote. Kukicha, chini ya mti husalia sega lililotupwa, sisimizi wakiyabeba majana, na humo pengine yamo mayai yaliyosimama bado, ambayo, pamoja na nyuki wa kuyalea, yangetosha kuanzisha kundi jingine lau mtu angeliinua sega hilo juani akatazama.