Mzigo Usiolia

Saa mbili usiku, uani kwake viungani mwa mji wa Maua, mwendesha bodaboda mmoja alitandaza turubai kuukuu chini ya balbu akaanza kutoa vitu chumbani kimoja kimoja. Hakufunga chochote. Kwa muda wa nusu saa hivi alikuwa akipanga tu: spana kando ya spana, tyubu kando ya pampu, jerikeni mbili zikitazamana. Nilihesabu vitu 27. Pikipiki yake, Boxer 150 iliyobabuka rangi kwenye tangi, ilisimama pembeni kwa stendi kubwa, kiti kikiwa kimefunguliwa. Alfajiri ilikuwa ashuke nayo milima ya Nyambene, apite njia ya lango la Murera, aambae Hifadhi ya Taifa ya Meru mpaka Kinna, upande wa Isiolo, na wateja wakimwita zaidi afike Garba Tula.

Kule Diani mtalii hukodi pikipiki ya magurudumu manne, akazunguka nayo kwa saa moja, kisha akarudi kunywa madafu. Akisahau kitu, hoteli ipo pale. Huku kwetu anayeingia nyika kikweli ni mtu wa bodaboda, kwa magurudumu mawili, na alichokisahau Maua atakikosa kutwa nzima. Ndiyo maana nilimwomba nikae nimtazame akifunga mzigo. Alicheka, akaniambia, "Hakuna cha kuona hapa, mwalimu. Ni kufunga tu." Ananiita mwalimu kwa sababu ya daftari langu.

Alianza na mipira. Watu wengi hununua kamba dukani. Yeye hununua tyubu iliyokufa ya lori kwa waziba pancha, kisha huikata mwenyewe. Aliloweka wembe kwenye maji ya sabuni, akaushika kati ya kidole gumba na cha shahada, akaanza kuizunguka tyubu pole pole kama mtu anayemenya chungwa bila kukatiza ganda. Wembe mkavu hung'ang'ania mpira na kuuchana. Wenye sabuni huteleza. Upana ni vidole viwili, mwanzo mpaka mwisho. Pakipungua mahali pamoja, hapo ndipo patakapokatika. Kila baada ya shubiri moja alisimama, akachovya wembe tena, akaendelea. Tyubu moja ilimpa ukanda mmoja mrefu usiokuwa na kiungo. Aliuvuta kipande kwa kipande mbele ya balbu akitafuta nyufa, na alipoupata ufa mdogo, mdogo kiasi kwamba mimi sikuuona mpaka aliponionyesha kwa ukucha, aliukata ukanda hapo hapo ukawa wa vipande viwili.

Kamba ya katani au ya nailoni, alinieleza, hufunga mzigo ulivyo Maua. Lakini mzigo hukaa njiani: gunia hushuka, jerikeni hujipenyeza, na baada ya kilomita 20 za mawe kamba imelegea. Mpira uliovutwa vizuri hauachi kuvuta. Mzigo ukipungua, nao unaufuata.

Sehemu ya vifaa vya kukarabati aliifunga kwanza, nayo haikukaa nyuma kwenye kerea pamoja na mzigo. Aliifunga mbele, kwenye vyuma vya kukinga injini, ndani ya mfuko wa turubai aliouhariza mwenyewe kwa shazia na uzi wa gunia. Sababu ni rahisi. Ukipata pancha karibu na hifadhi, mahali ndovu na nyati wanapokatiza barabara, huwezi kuanza kushusha magunia ndipo upate spana. Mfuko wa mbele unafunguka bila kugusa kitu kingine.

Ndani yake vitu viliingia kwa mpangilio wa matatizo. Chini kabisa viliwekwa vile asivyotarajia kuvihitaji: spoki sita, waya laini wa kufungia, kiungo cha cheni na klipu yake, balbu ya taa ya mbele iliyoviringishwa kwenye pamba. Juu yake plagi mpya ndani ya kikopo cha dawa. Juu zaidi gundi, msasa, viraka, vyuma viwili vya kutolea tairi, na tyubu moja, ya mbele. Nilimwuliza kwa nini moja, na kwa nini ya mbele. Rimu zake zote ni za inchi 17, akasema. Tyubu ndogo hukubali kutanuka ndani ya tairi la nyuma mpaka ufike, lakini kubwa ukiisokomeza mbele hujikunja, na mkunjo hujitoboa wenyewe. Aliinyunyizia unga wa talki, akaitoa pumzi yote kwa kuikalia, akaikunja mara tatu na kuitia ndani ya soksi.

Kuna kitu kimoja kilichonishangaza: kipande cha sabuni ya mche, sawa na kiberiti kwa ukubwa. Tangi likipigwa na jiwe likaanza kuvuja, unaisugua sabuni kwenye ufa mpaka ukazibika, nayo itashika hadi umfikie fundi wa kuchomelea. Na kebo ya akiba ya klachi sikuiona kwenye turubai kwa sababu haikuwepo. Ilikwisha kufungwa kwenye pikipiki yenyewe, sambamba na ile inayotumika, kutoka kwenye mshikio mpaka kwenye injini, ncha zake zimefunikwa kwa utepe. Ya kwanza ikikatika, kazi ni kuhamisha ncha mbili tu. Ni kitu kidogo, lakini ameikagua njia yote ile kwa kidole kila wiki kwa miaka.

Kisha maji na petroli. Tangi la Boxer huchukua lita 11 hivi, na kwa Kinna na kurudi zinatosha. Lita 5 za ziada ni za Garba Tula na za kupotea njia. Maji ni lita 10. Jerikeni ya maji hukaa kushoto siku zote, ya petroli kulia siku zote, na kwenye kifuniko cha petroli amefunga uzi mnene ili mkono ukiupapasa gizani ujue. Ya maji aliivika gunia lililoloweshwa. Upepo wa mwendo ukilipiga gunia, maji hupoa. Ya petroli hakuijaza. Aliacha nafasi ya vidole vinne juu. Maua ni baridi, Kinna ni tanuri, na petroli iliyojazwa pomoni kwenye baridi hufura ukishuka, jerikeni ikatuna kama chura. Njiani hushuka mara moja kulegeza kifuniko kidogo, anausikia mvuke ukitoka, anakikaza tena.

Ufundi huu hubadilika na udongo. Upande wa Embu, kule Mbeere, nilipata kumtazama mwenzake wa Kiritiri akijiandaa kwenda Makima, mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimekolea. Huko adui si jiwe bali udongo mweusi unaonata. Unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Yule alikuwa ameinua madigadi ya mbele kwa boliti ndefu, na kwenye mguu wa pikipiki alifunga kijiti bapa cha mti mgumu, kimechongwa kama mwiko wa ugali, cha kukwangulia tope. Mzigo aliupunguza nusu. Viatu vya kawaida viliingia mfukoni, gamubuti mguuni. Sikuona sabuni kwake, wala jerikeni ya maji ya lita 10. Na yule wa Maua, nilipomsimulia, alikiulizia kile kijiti kwa makini: urefu gani, mti gani.

Kwa huyu wa Maua miraa ndiyo bidhaa, nayo hufungwa mwisho. Ilifika saa tisa usiku, imechumwa jioni, vibunda vikiwa vimefungwa kwa majani ya mgomba. Ni nyepesi lakini ina wivu: ikibanwa inachemka, ikiachwa wazi inakauka, na ikilala siku ya pili bei inaanguka. Chini kwenye kerea, karibu kabisa na kiti, aliweka vizito: sukari na majani ya chai aliyoagizwa na mwenye duka. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli, akasema, usukani huwa mwepesi na pikipiki inakuamulia njia. Miraa ikaja juu, gunia likiwa na nafasi za kupumulia pembeni. Mipira ikapita juu yake kwa msalaba, ikavutwa mpaka ikawa nyembamba nusu ya upana wake, ikazungushwa chini ya chuma cha kerea. Hakupiga fundo hata moja. Ncha aliichomeka chini ya mzunguko wa mwisho, ikajibana yenyewe. Akaniambia niivute. Sikuiweza. Yeye aliisukuma kwa kidole gumba upande mwingine, ikafunguka.

Nilidhani tumemaliza. Nilikwisha kufunga daftari. Lakini alitoa pikipiki kwenye stendi, akaishika mshikio kwa mkono mmoja na kerea kwa mwingine, akaitikisa kwa nguvu mara tatu, kichwa kimeinama, macho yamefumbwa.

Tik.

Sauti ndogo sana, ya chuma kugusa chuma. Mimi ningesema ni cheni. Alitikisa tena. Tik. Basi akaanza kufungua. Mpira wa kwanza, wa pili, wa tatu. Gunia la miraa likashushwa, jerikeni ya petroli ikashushwa, na nyuma yake palikuwa na spana ya kufungulia plagi aliyoichomeka pale kwa haraka, koleo likiigonga kila pikipiki ilipotikisika. Saa kumi ilikuwa imekaribia. Mkewe alitoka na chupa ya chai, akatazama mzigo uliofumuliwa, akarudi ndani bila neno, ameyazoea. Mwenyewe aliivika spana soksi ya mtoto, akalihamisha koleo, kisha akafunga upya kila kitu kwa utaratibu ule ule, bila kuruka hatua, mpira kwa mpira.

"Kinacholia kinasugua," alisema huku akivuta. "Mwaka juzi nilifika Kinna na jerikeni ina tundu. Boliti tu. Ilianza kulia hapa hapa uani, nikasema aa, ni kidogo."

Akatikisa. Kimya. Akatikisa tena, muda mrefu zaidi. Kimya.

Alivaa jaketi, akapachika gazeti la jana kifuani chini yake kuzuia baridi ya Nyambene, akatia kitambulisho na leseni kwenye mfuko wa nailoni, pesa nusu mfukoni na nusu ndani ya kiatu, na simu ndogo ya mulika mwizi kwenye mfuko wa shati. Chapati mbili na njugu zikaingia mahali palipobaki, yaani ndani ya kofia ya jua iliyofungwa juu ya gunia. Akaondoka saa kumi na nusu. Nilimsikiliza mpaka kwenye kona ya soko: ni injini tu iliyosikika.

Alirudi wakati wa magharibi, mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa nimerudi uani kumsubiri. Alitandaza turubai lile lile, akaweka vitu chini, akahesabu. Plagi, sabuni, tyubu, spoki, vyote vilikuwa kama vilivyokwenda. Vilivyotumika ni maji, ambayo nusu yake aliwapa wachungaji wawili wa ngamia, na ukanda mmoja wa mpira aliomwachia mwendeshaji mwenzake aliyekatikiwa na kamba njiani. Mipira iliyosalia aliisuuza vumbi kwa maji safi, akaipangusa, akaitundika jikoni kwenye kivuli. Jua huila.