Hesabu Iliyo Ndani ya Besi

Daladala inayoteremka kutoka Ngaramtoni kwenda Arusha mjini husikika kabla haijaonekana, hasa Alhamisi na Jumapili, siku za soko, abiria wakiwa wamebanana na magunia ya viazi. Watu husifia wimbo, wengine humsifia dereva kwa kuuchagua. Katika mji uliowatoa X Plastaz na Nako 2 Nako, sifa kwa wasanii haziwezi kukosekana. Fundi aliyeunga waya nyuma ya kiti cha mwisho hatajwi, na mimi naona tunamdhulumu.

Kazi yake huanza kabla ya sauti yoyote kutoka. Sabufa nyingi za magari zina koili mbili, na tuseme kila moja ina ukinzani wa omu 4. Zikiungwa mfululizo, zinakuwa omu 8. Zikiungwa sambamba, omu 2. Sabufa ni ileile na waya ni uleule, lakini mzigo unaoikabili amplifaya umebadilika kabisa. Anayelima kwenye miteremko ya Meru analielewa hili bila kufundishwa: mfereji ukifunguliwa midomo miwili kwa wakati mmoja, maji hutoka mengi, na mfereji mkuu ndio unaobeba gharama.

Gharama hiyo inahesabika. Amplifaya inayosukuma volti 22 hutoa wati 121 kwenye omu 4, wati 242 kwenye omu 2, na wati 484 kwenye omu 1, mradi iwe na uwezo wa kuvumilia. Kanuni iliyo nyuma ya namba hizo ilichapishwa mwaka 1827 na Georg Ohm, mwalimu wa hesabu na fizikia nchini Ujerumani, na leo inafanya kazi chini ya viti vya Toyota Hiace. Mwenye gari akishaisikia hiyo 484, hataki tena kusikia nyingine. Hapo ndipo fundi hodari anapojitenga na mbabaishaji, kwa sababu yeye husoma kwanza amplifaya imeandikwa inaishia omu ngapi. Iliyotengenezwa kuishia omu 2 ikipewa omu 1, mkondo huongezeka maradufu, transista zinachemka, na ikiwa na bahati inajizima yenyewe kabla ya kuungua.

Amplifaya ya chaneli mbili ina mtego wake. Chaneli zote mbili zikiunganishwa kusukuma sabufa moja, yaani kubriji, kila chaneli huona nusu tu ya mzigo. Sabufa ya omu 4 inakuwa kama omu 2 kwa kila upande. Kwa hiyo amplifaya inayovumilia omu 2 kwa chaneli haifai kubrijiwa chini ya omu 4. Wengi husoma ile namba ndogo peke yake wakaondoka na furaha.

Nampenda fundi anayepima koili hata kama kiwango kimeandikwa kwenye sumaku. Mita ikigusa koili ya omu 4 kwa kawaida husoma 3 na kitu, kwa kuwa inapima ukinzani wa waya tu. Muziki ukipita, mzigo hupanda na kushuka kufuatana na masafa ya sauti na boksi lenyewe. Kisha fundi huyo huchukua betri ndogo ya volti 1.5, akagusisha kwenye koili, akatazama koni inasogea upande gani. Sabufa mbili ndani ya boksi moja, moja ikiwa imegeuziwa chanya na hasi, zinauana. Hakuna moshi wala harufu, besi tu haipo, na mwenye gari atalaumu wimbo.

Zile wati 484 nazo hutoka kwenye betri na alteneta. Kwa amplifaya yenye ufanisi wa asilimia 80, zinadai karibu ampea 44 gari likiwa na volti 13.8, yaani zaidi ya mara tano ya taa kuu mbili za wati 55. Waya mwembamba wa alumini iliyopakwa shaba hautoshi hapo. Unatakiwa waya mnene wa shaba, fyuzi karibu kabisa na betri, na ethi iliyofungwa kwenye bati lililokwanguliwa rangi.

Mimi ni wa upande wa fundi anayemshawishi mteja abaki omu 2. Kutoka wati 484 kushuka hadi 242 ni desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu, wati zinatakiwa kuongezeka kama mara kumi. Boksi lililopimwa na kuzibwa vizuri litampa mteja faida kubwa kuliko tamaa ya omu 1.

Wapo mafundi waliosomea umeme Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978, na wapo waliojifunza kwa kumshikia fundi mkubwa tochi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti waliojifunzia kazini, na ningefurahi kuona mafundi wa muziki wa magari wakiingia humo kwa wingi. Lakini cheti ninachokiheshimu kuliko vyote huandikwa kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha boksi: mchoro wa koili, alama za chanya na hasi, na omu zilizopatikana, ili fundi mwingine atakayelifungua asianze kwa kubahatisha.