Nani Kasimama Nyuma ya Kamba

Katika kitabu chake cha 1976, The Devil Finds Work, James Baldwin aeleza jinsi filamu The Defiant Ones ya 1958 ilivyopokewa na watazamaji wa aina mbili. Sidney Poitier, mfungwa mtoro, aruka kutoka kwenye treni ili asimwache mtoro mwenzake mzungu. Wazungu waungwana wakafurahi. Watu wa Harlem wakampigia kelele arudi kwenye treni. Baldwin, mtoto wa Harlem, hajifanyi kwamba yeye alikaa katikati.

Nalikumbuka hayo nikisoma tahakiki za Paradies: Liebe, filamu ya Ulrich Seidl wa Austria iliyoshindania tuzo Cannes mwaka 2012. Teresa (Margarete Tiesel), mama wa miaka hamsini kutoka Vienna, yuwaja likizo pwani yetu na kutafuta mapenzi kwa mabichi boi. Wahakiki wa Ulaya niliowasoma wengi waanza na Teresa: upweke wake, mwili wake, na aibu yao wenyewe ya kumtazama. Siwalaumu. Pengine hata wao washawahi kulala kwenye vile viti vya ufuoni.

Mie natoka Likoni. Ukishuka feri ukapanda matatu ya Ukunda, hukosi kijana mwenye begi la vikuku na vinyago, aelekea kazini. Ndiyo, kazini. Kuna picha moja ambapo watalii wamelala safu upande huu wa kamba, na vijana wamesimama upande wa pili, kimya, wangoja. Mwingine ataona mistari iliyopangwa vizuri. Mimi naona zamu: jua la utosi, nyayo zaungua, na hujui kama leo utauza hata kikuku kimoja. Seidl aliwachukua vijana wa ufuoni wenyewe, si waigizaji, na kusimama kule hakuna aliyehitaji kuwafundisha.

Kisha Munga (Peter Kazungu). Hamkimbilii Teresa kama wenzake, na kwa hilo yule mama amwamini. Baadaye zaanza shida: mtoto wa dadake mgonjwa, pesa za hospitali, pesa za shule. Wengi waliita huo uongo mtupu. Lakini kwetu ugonjwa ni mlango wa kuombea. Anayeomba na anayeombwa wote wajua kwamba nyuma ya homa kuna kodi ya nyumba, na hakuna anayedai cheti cha daktari. Teresa ndiye asiyeijua lugha hiyo, na pale ufuoni ampiga Munga mbele ya watu kwa sababu yake.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimtetea Munga mbele ya rafiki yangu mmoja, dada wa Mtongwe, tulipoitazama kwenye kompyuta yake (pale pa kuruka tukaruka). Akanikata. "Na huyu mama mtoto je?" Maana yule dada, kumbe, ni mke wa Munga. Aketi nyumbani kwake, mtoto mkononi, aitwa dada na mumewe, amkaribishe mgeni. Rafiki yangu hakumtazama mtu mwingine tena, na filamu yenyewe yampa mwanamke huyo dakika chache tu. Sisi wawili twapanda feri moja. Kwa hiyo mtu akisema mhakiki fulani aisemea pwani, mimi hutaka kujua nyumba gani, na aliketi wapi ndani yake.

Tena asili hii imekuwa tikiti yangu. Sina shahada, chuo niliachia njiani karo iliposhinda. Wahariri hunipigia simu filamu ikiwa na mnazi. Isipokuwa na mnazi, simu haiji.

Na Paradies: Liebe haianzi kwenye minazi. Yaanza Austria, kwenye vigari vya kugongana vya uwanja wa starehe. Watu wenye ulemavu wagongana wakicheka na kupiga mayowe, na Teresa, ambaye kazi yake ni kuwatunza, asimama kando awatazama. Uso wake hausemi kitu. Mwanamke anayelipwa mshahara kutunza watu ndiye atakayekuja kwetu kutafuta wa kumtunza, na kushtuka akiletewa hesabu. Mkenya hajatokea bado. Hapo ndipo ningependa kuanza uhakiki wangu, ila sijapata wa kuununua.