Kutoka Mgongoni Hadi Mtoni

Kazi huanza na ukanda wa karatasi. Unaukata upana wa vidole viwili, unahakikisha ukingo wake mmoja umenyooka, kisha unaulaza juu ya ramani ya topografia ya kipimo cha 1:50,000, tuseme kati ya Embu na Runyenjes, ukikatiza migongo ya vilima. Kila kontua inapogusa ukingo wa karatasi unatia alama ya penseli na kuandika kimo chake: 1,480, 1,460, 1,440. Mto ukipita, unauandika. Barabara ikipita, vivyo hivyo. Halafu unauhamishia ukanda kwenye karatasi ya miraba, unapandisha kila alama hadi kimo chake, na kuziunganisha nukta. Hapo ndipo nchi iliyokuwa imelala bapa inaposimama.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huwa na haraka. Huunganisha nukta kwa rula, na bonde likatoka kama herufi V iliyokatwa kwa msumeno. Mwalimu aliyenifundisha hakuwa na tabia ya kukemea. Alikuwa akichukua kifutio, akafuta sehemu ya bonde peke yake, akaacha mapengo, akakurudishia karatasi. Ulijua unachotakiwa kufanya: kurudi kwenye ramani, kutazama kontua zilivyojipinda pande zote mbili za mto, na kuuchora ule mstari tena kwa mkono mtupu, polepole, ukijiuliza maji yalishukaje na udongo ulipumzika wapi. Mimi nilifutiwa mara tatu. Mara ya nne nililiona bonde kabla ya kulichora, na tangu siku hiyo sijaweza kupita juu ya daraja bila kutazama chini.

Programu za kompyuta sasa hutoa mchoro huo mara moja, na ni vizuri, kwa sababu ofisi ya kaunti haiwezi kusubiri penseli. Lakini mkono una jambo lake. Unapochora kwa kipimo cha sentimita 2 kwa kilomita ukienda kando, na sentimita 1 kwa mita 100 ukipanda juu, umeukuza mwinuko mara 5, na mkono wako ndio unaokukumbusha kuwa umeukuza. Vidole vinapata kujua tofauti kati ya mteremko wa kweli na ule wa karatasi. Vilevile vinajifunza kuhesabu. Ukikuta nafasi 5 za kontua zimebanana ndani ya nusu sentimita, na kila nafasi ni mita 20, umepata kupanda kwa mita 100 katika mwendo wa mita 250, yaani asilimia 40. Kanuni za kilimo nchini Kenya zimekataza tangu zamani kulima mteremko unaozidi asilimia 35. Kwa hiyo huyo kijana mwenye penseli, kabla hajatoka darasani, ameshaonyesha mahali ambapo udongo uko hatarini.

Sidhani kuna mahali pazuri zaidi pa kujifunzia ufundi huu kuliko upande wa mashariki na kusini-mashariki wa Mlima Kenya. Mlima una mita 5,199, na mito hushuka kutoka kwake kama miale ya gurudumu: Rupingazi, Ena, Thuchi, Nithi, Mutonga, Kathita, yote ikielekea Tana. Kati ya mto na mto kuna mgongo. Anayesafiri kutoka Embu kwenda Meru anakatiza miale hiyo mmoja baada ya mwingine, na ndiyo maana barabara ile hushuka, hupinda, huvuka daraja, hupanda, kisha huanza tena. Wasafiri wengi huchoka nayo. Mwanafunzi wa jiografia huketi dirishani.

Ukigeuza ukanda wako uelekee upande mwingine, kufuata mgongo badala ya kuukata, unapata hadithi tofauti kabisa. Juu, ukingoni mwa msitu, kuna ukanda wa chai ya Nyayo uliowekwa kuanzia mwaka 1986 ili uwe uzio kati ya mashamba na miti. Chini yake ni chai ya wakulima wadogo, kisha kahawa, kisha mahindi na maharagwe. Joto linaongezeka na mvua inapungua kadiri unavyoshuka, mpaka unafika Mbeere kwenye mtama, ndengu na muguka, na mwisho unakutana na maji yaliyotulia ya mabwawa ya Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Hilo lote ni safari ya asubuhi moja kwa matatu.

Sasa ongeza ramani ya viwanja juu ya ile ya kontua. Hapa ndipo mimi huwa natulia kabisa, maana hapa ndipo ninapoona kazi ya upangaji iliyo nzuri kuliko nyingi nilizofundishwa. Mashamba mengi si ya mraba. Ni marefu na membamba, yameteremka kutoka barabara ya mgongoni hadi mtoni. Kila familia ina mlango wa kutokea juu, na maji chini. Nyumba iko karibu na barabara, mahali pakavu. Kahawa na ndizi ziko katikati. Majani ya ng'ombe na nduma ziko bondeni penye unyevu. Miti ya mukima imepandwa mpakani ikitoa kivuli, mbao na kuni. Wazee waliokuwa wakigawa ardhi na maofisa walioipima baadaye waliuheshimu mteremko uleule mmoja.

Lakini upimaji huo ulikuwa na gharama. Kabla ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 kuharakisha kuunganisha vipande vya ardhi, familia nyingi za Meru zilikuwa na mashamba katika vimo mbalimbali, mengine juu kwenye baridi, mengine chini penye mtama. Mvua ikikosa huku, kule ingevunwa. Mwanajiografia Frank Bernard aliuchunguza ukulima huo wa Meru na kuuandikia kitabu kilichotoka mwaka 1972. Kuunganishwa kwa vipande kulileta hati miliki, mikopo na mazao ya biashara, na nasema wazi kuwa watu walifaidika. Hata hivyo ule uangalifu wa kuweka chakula kwenye kila ngazi ya mlima ulikuwa ni upangaji pia, na haukuwa na ramani ya kuutetea.

Siku hizi shida iko kwenye urithi. Shamba la upana wa mita 60 likigawanywa kwa urefu kwa watoto watatu, kila mmoja anabaki na utepe wa mita 20, lakini ana barabara na ana mto. Likikatwa kwa upana, wa chini anakosa njia na wa juu anakosa maji, na ugomvi huanza siku hiyohiyo. Miji nayo inapanda migongo hiyo, kutoka Makutano ya Meru hadi pembezoni mwa Embu, na ghorofa hujengwa kwenye utepe uliopimwa kwa ajili ya kahawa. Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inaipa kaunti kazi ya kuamua, lakini anayeketi mezani ni mtu, na swali lake la kwanza lazima liwe: maji ya mvua ya kiwanja hiki yanaelekea kwa nani?

Wiki iliyopita niliona mchoro wa binti mmoja wa mwaka wa pili. Alikuwa amekata mgongo mmoja tu, kutoka mto hadi mto. Juu ya mstari wake ameandika kwa herufi ndogo: nyumba, kahawa, ndizi, majani, nduma, maji. Kisha njia ya miguu, yenye upana wa mita 2, ambayo haimo kwenye ramani yoyote. Aliigundua kwa kuishuka mwenyewe, na kwenye karatasi bado palionekana mahali alipofuta mara mbili kabla ya kuiweka sawa.